Je, Kushuka ni Woga?

Sisi tukaao chini ya Matogoro, zianzapo chemchemi za Ruvuma, hatuna theluji. Lakini Kilimanjaro, mlima wa theluji, hutufundisha. Mwaka 1887 Bwana Hans Meyer, Mdachi, alipanda Kibo hata penye barafu. Hakuwa na zana za kuikwea, akashuka. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walikata vidato barafuni kwa shoka, wakafika ukingo wa shimo la juu. Nguvu zikawaishia, wakashuka tena. Tarehe 6 wakasimama kileleni.

Je, walikuwa waoga? La, ndugu. Mwoga ni ashukaye asikusudie kupanda tena. Bali kiongozi akataaye kushuka kwa kuogopa kuchekwa, huwaponza wamfuatao. Nasi tuongozao watoto tujiulize: twaendelea kwa ushujaa, au kwa haya?