Mkaidi wa Mbali

Hivi kwa nini mkaidi wa mbali tunampigia makofi, lakini wa nyumbani tunamkalia kikao?

Nauliza kwa ajili ya Bi Kidude wa Unguja, Fatuma binti Baraka. Kazi yake haikuwa kuigiza, ilikuwa taarab na ngoma za unyago. Lakini filamu ya As Old as My Tongue ya mwaka 2006, ya Andy Jones, ilimfanya nyota hata kwa wasiojua Kiswahili. Na nyota gani! Ajuza anavuta sigara hadharani, kinywaji hakifichi, ngoma anaipiga kuwashinda vijana. Tangu binti mdogo alitoroka ndoa ya kulazimishwa. Nyimbo alizichota kwa Siti binti Saad, yule wa Fumba aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mwaka 2005 Wazungu wakampa tuzo ya WOMEX kule Uingereza. Alipofariki Aprili 17, 2013, nchi nzima ilimlilia.

Filamu hiyo niliitazama mara mbili kwa rafiki yangu Kayanga, nikashangilia.

Sasa, hapa kwetu Nyakatuntu binti wa baba mdogo, dada yangu kabisa kwa desturi yetu, alirudi kutoka kwa mumewe na kanga moja. Hakuimba, hakuvuta sigara. Alisema tu, "Sirudi." Kikao kikaitwa, rubisi ikaletwa, wazee wakahesabu ng'ombe wa mahari: wawili wamezaa, mmoja ameuzwa. Mimi nilikuwepo, msomi wa kidato cha nne. Nikanyamaza. Nilijidanganya eti ni heshima kwa wakubwa. Kumbe yule ng'ombe aliyeuzwa ndiye aliyenilipia ada.

Mtu atasema, ah, Bi Kidude alikuwa na kipaji! Sawa. Lakini usiku ule alipotoroka nani alikijua? Alikuwa mtoto msumbufu tu, kama dada. Kama haki ya kukataa inaletwa na tuzo, basi kwake ilichelewa maisha mazima, na kwa dada haitafika kamwe.

Riwaya ninayoiandika ina binti anayetoroka. Juzi nilimsomea dada sura ya kwanza. Alisikiliza huku akichambua maharage, kisha akauliza, "Na kaka yake alikuwa wapi?"

Sura hiyo nimeichana. Naianza upya.