Je, Mwenye Kuomba Kura Aweza Kunyamaza?

Mtu akisimama mbele ya watu na kuomba atawale, imempasa kuwaambia nini? Wengi watajibu upesi: habari za kodi, na kazi, na vita. Lakini liko jambo ambalo wenye kuomba kura hulipita mbali, nalo ni elimu ya maumbile iitwayo sayansi: habari za hewa na maji, magonjwa na dawa zake.

Mwaka 2007 watu wachache wa Marekani walitaka wagombea urais wajadiliane juu ya sayansi mbele ya watu wote. Mmoja wao alikuwa Matthew Chapman, kilembwe wa Charles Darwin. Wala yeye si mtaalamu wa elimu hiyo, ni mwandishi wa sinema. Maelfu ya watu walitia sahihi zao. Majadiliano yale hayakufanyika. Ila mwaka 2008 Barack Obama na John McCain waliletewa maswali 14, nao wote wawili wakajibu kwa maandishi.

Yatazameni majibu yao juu ya joto la dunia. Wote wawili walikiri hatari yake. Kisha Obama alitaka hewa chafu ipunguzwe, hata ikifika mwaka 2050 iwe chini ya ile ya mwaka 1990 kwa 80 katika 100. McCain alitaka 60 katika 100. Naona hapo ndipo mahali pa haki pa kushindania. Maana baraza la kijiji laweza kuamua kisima kichimbwe au kisichimbwe, na gharama atoe nani. Haliwezi kuamua kwa wingi wa mikono maji yawe wapi chini ya ardhi.

Mwezi wa Mei 2007 wagombea wa chama kimoja waliulizwa ni nani asiyesadiki mageuko ya viumbe. Watatu wakainua mikono. Wako waliowacheka. Mimi sikucheka, maana walionyesha waliyoyaamini, na waliowatazama wakajua. Aliyekosea aweza kuonywa. Aliyenyamaza, utamwonya kwa neno gani?

Baadaye, mwaka 2014, wanasiasa kadha wa nchi ile walizoea kujibu, “Mimi si mwanasayansi.” Ni kweli, lakini si jibu. Wala si jemadari, naye ataka kuamuru majeshi! Hatumwulizi ajua nini. Twamwuliza atamsikiliza nani, na akiisha kusikia atatenda nini.

Neno moja lanitaabisha. Majibu ya maandishi hatujui yametoka mkononi mwa nani, labda mwa karani. Mtu wa ana kwa ana huulizwa mara ya pili, karatasi haiulizwi. Hata hivyo karatasi hukaa. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2008 hakuwa na kura. Mwaka 2050 atakuwa na miaka 42, naye ataweza kuisoma.