Waliosimama Kabla ya Jicho Kuwapo

Miaka milioni 400 iliyopita, nchi kavu haikuwa na msitu. Mimea mingi haikufika hata kimo cha mtu, na hapakuwa na mnyama mwenye uti wa mgongo aliyetembea ardhini. Katikati ya uoto huo mfupi vilisimama vigogo vilivyoweza kufika mita 8, visivyo na jani wala ua. Vikadumu kwa makumi ya mamilioni ya miaka, kisha vikatoweka.

Wanasayansi huviita Prototaxites, na wamebishana juu yake tangu karne ya 19. William Logan alipata visukuku vyake huko Gaspé, Kanada, mwaka 1843. Mwaka 1859 John William Dawson alitangaza kuwa ni mti wa jamii ya misonobari. William Carruthers akampinga: huo ni mwani mkubwa! Mwaka 2001 Francis Hueber wa Taasisi ya Smithsonian alitetea kuwa ni kuvu, na uchunguzi wa kaboni uliochapishwa mwaka 2007 ukampa nguvu, kwa kuwa ulionyesha kiumbe aliyejipatia chakula kwa wengine badala ya kujitengenezea kwa mwanga wa jua. Halafu mwaka 2025 watafiti wa Edinburgh wakapima kisukuku cha Rhynie, Uskochi. Kuvu za mwamba uleule zilikuwa na alama za kemikali za kuta za seli zao. Prototaxites hakuwa nazo. Wakapendekeza kwamba huyu si mmea, si mnyama, si kuvu, bali ni tawi la uhai lililokatika bila kuacha mjukuu.

Kama wamesema kweli, ukoo mzima ulizaliwa, ukatawala nchi kavu na kwisha pasipo mtu wa kuutazama. Uliumbwa kwa ajili ya nani?

Jibu linalosikika mara nyingi mimbarini ni kwamba vyote viliumbwa kwa ajili ya binadamu. Wapo wanaoongeza kuwa viumbe wa kale walikuwa wakituandalia udongo na hewa. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini ni finyu mno: inamfanya aliyeishi enzi ndefu namna ile kuwa kibarua wa mgeni ambaye hata hakuwa njiani.

Dini zenyewe zina mawazo mapana zaidi. Katika Kitabu cha Ayubu, Mungu anamwuliza mtu aliyejaa manung'uniko kuhusu mvua inyeshayo nyikani pasipokaa mtu, na kuhusu wanyama wasiomtumikia yeyote. Ayubu hapewi sababu ya mateso yake. Anaonyeshwa dunia isiyomzunguka yeye. Waislamu nao hufundishwa kuwa kila kitu humsabihi Mola, ingawa wanadamu hawaifahamu tasbihi hiyo. Mafundisho hayo yakichukuliwa kwa uzito, Prototaxites hakuhitaji msikilizaji wala mrithi. Ibada yake ilitimia kwa kuwapo kwake. Asiyeamini Mungu anaweza kufika karibu na hapo kwa njia nyingine, kwani mageuzi ya viumbe hayakuwa safari ya kumfikia binadamu.

Na si wafu tu wanaotuponyoka. Mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, alichota udongo kidogo akiwa matembezini Nova Scotia, akaulowesha, na baada ya wiki kadhaa akaona kwenye hadubini vijidudu vya kundi la Hemimastigophora. Kundi hilo lilijulikana tangu karne ya 19, ila hakuna aliyejua ndugu zake ni nani. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa linasimama kwenye tawi lake lenyewe, mbali na wanyama, kuvu na mimea. Spishi mpya iliyotoka kwenye udongo huo ilipewa jina la Kukwes, zimwi la masimulizi ya Wamikmaki, wenyeji wa nchi hiyo. Watembeaji walikuwa wakiikanyaga njiani.