Shujaa Anayejifanya Mjinga

Mtu akifanya jambo jema bila kupigwa picha, je, wema wake una uzito zaidi, au umepotea bure? Wazee walishajibu kwa maneno manne: tenda wema nenda zako. Sisi wa kizazi cha simu tumejibu kwa vitendo: tunaposti. Nina jibu la tatu, ambalo haliwafurahishi wazee na halitufurahishi sisi. Nimelitoa kwenye kitabu cha katuni, na siombi radhi kwa hilo.

Jamaa anaitwa Booster Gold. Alibuniwa na mchoraji Dan Jurgens, na kampuni ya DC Comics ya Marekani ikamtoa mwaka wa 1986. Jina lake halisi ni Michael Jon Carter, mzaliwa wa karne ya 25. Huko kwao alikuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani chuoni, mpaka aliponaswa kwenye mambo ya kubeti mechi zake mwenyewe. Akatimuliwa, jina likachafuka, akaishia kuwa wochi wa usiku kwenye makumbusho. Fikiria hiyo kazi: unalinda vifaa vya mashujaa waliokufa zamani, mshahara kidogo, na kila anayekuona anakumbuka ulivyoanguka. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili kwa sababu ya karo, si kamari, lakini nilipofika hapo kwenye stori nilivuta kiti karibu.

Usiku mmoja Michael anaiba. Anachukua pete ya kumwezesha kuruka angani, mkanda wa kumkinga na risasi, na roboti mdogo anayeitwa Skeets ambaye kichwani amebeba kumbukumbu za historia. Anaingia kwenye mashine ya kusafiri katika wakati na kurudi karne ya 20. Kwa kuwa kwake yeye habari zetu za kesho ni historia ya kale, anajua rais wa Marekani atashambuliwa lini. Anafika mapema, anamwokoa, na kufikia jioni kila mtu anamjua. Halafu anafanya jambo ambalo Superman hangelifanya: anatafuta ajenti. Anasaini mikataba ya matangazo na kuvaa nembo za wadhamini. Anaokoa watu kweli, na analipwa kweli. Lugha ya leo tungemwita influensa.

Hapa kwetu Nkoroi tunamjua mtu wa aina hiyo. Mvua ndefu ikipiga, barabara ya kutoka lami kuingia ndani huwa tope tupu, boda wanakataa kuingia au wanaongeza nauli. Kisha anakuja mtu anayetaka kiti, na lori mbili za murram, na mpiga picha. Sisi tunacheka kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa. Lakini tairi la boda haliulizi murram ni ya nani. Mama mjamzito akipitishwa hapo usiku kwenda hospitali, nia ya mfadhili haimhusu hata kidogo. Kwa hivyo siwezi kusema wema wa kamera si wema. Unafanya kazi. Tatizo lake ni moja: hudumu kadiri kamera inavyodumu. Baada ya uchaguzi mashimo yanarudi.

Sasa ruka hadi 2007. Booster Gold anaanzishiwa mfululizo mpya, na humo anakutana na Rip Hunter, mlinzi wa wakati. Rip anampa kazi kubwa kuliko zote: kuzuia wahalifu wanaorudi nyuma kuvuruga historia. Kazi hiyo ina sharti. Ulimwengu lazima uendelee kumwona Booster kama mjinga, mpenda pesa asiye na maana. Kwa nini? Kwa sababu maadui wanaoweza kusafiri katika wakati wakijua yeye ni muhimu, watarudi kumuua kabla hajawa shujaa. Usalama wake, na wa kazi yenyewe, ni dharau ya watu. Mtu aliyetoka karne ya 25 kuja kutafuta sifa anaambiwa: utaiokoa dunia, na watu wataendelea kukucheka.

Hapo ndipo ninapoachana na wazee. Tenda wema nenda zako inasifu unyenyekevu, kana kwamba kujificha kwenyewe ni wema. Booster si mnyenyekevu. Anatamani sana kusema. Anakaa kimya kwa sababu akisema, watu watakufa. Ukimya wake ni gharama ya kazi, kama vile fundi anavyovaa buti zito si kwa kupenda uzito.

Tuna kijana wetu wa aina hiyo. Shujaaz, komiki ya bure iliyoanza Kenya mwaka wa 2010 na kuzungumza Sheng, ilimpa Boyie kituo cha redio cha siri, anachokiendesha kutoka chumbani kwake. Mtaa mzima unamsikiliza DJ B bila kujua kwamba ni yule kijana asiye na kazi wanayempita kila siku. Waandishi wangeweza kumpa mabawa. Walimpa siri, na vijana waliosoma walielewa mara moja, kwa sababu kudharauliwa huku una kitu ndani ni hali wanayoijua.

Kisha ikaja Juni 2024, na siri ikaacha kuwa stori ya katuni. Mswada wa Fedha ulipoletwa, kuna watu waliokesha wakiutafsiri kwa Kiswahili, kwa lugha za nyumbani, kwa Sheng, na kuusambaza kupitia akaunti zisizo na jina. Kuna waliotumia wageni nauli kwa M-Pesa ili wafike tauni tarehe 25. Watu walipoanza kutekwa, jina likawa hatari. Aliyejificha wakati huo hakuwa akijifanya mtakatifu. Alikuwa akilinda kazi, na familia iliyolala chumba cha pili. Wengi wao hatutawajua kamwe. Inawezekana mmoja hukaa kando yako kwenye nganya ya Rongai, na unamwona kama msee wa kawaida anayesumbua na simu.

Lakini siku zilezile zilitoa mfano wa kinyume, na ningekuwa mwongo nikiuacha. Hanifa Adan, mwanahabari, aliongoza mchango wa kuwasaidia majeruhi na familia zilizofiwa. Watu walituma mamilioni ya shilingi. Yeye hangeweza kusema tenda wema nenda zako. Pesa zilikuwa za watu, na watu walitaka kujua zimeenda wapi, naye akaeleza hadharani. Hapo ukimya ungekuwa ubaya. Kenya tumeibiwa sana na watu wanaofanya kazi kimyakimya.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Kuonekana si dhambi na kujificha si utakatifu. Vyote viwili ni vifaa, na mwenye haki ya kuamua kitumike kipi si moyo wako, ni yule unayemsaidia. Nikijulikana, nani ataumia? Nisipojulikana, nani ataumia? Booster akijulikana, dunia inaumia. Mtunza mchango asipojulikana, waliochanga wanaumia. Mwenye lori za murram akijulikana, hakuna anayeumia. Basi mwache apige picha, ila muulize atarudi lini.

Kanuni hii ni nzuri kwenye karatasi. Mwilini inauma. Kazi yangu ni kuandika makala zinazotoka kwa majina ya watu wengine. Malipo yake yanamweka mdogo wangu shuleni, kidato cha tatu. Yeye anaamini karo inatoka kwa mjomba, na tulipatana hivyo, kwa sababu tayari anaona aibu kuwa kaka yake aliacha chuo, na sitaki aongeze deni juu ya aibu. Majirani wakiuliza nafanya nini, wanaambiwa bado natafuta. Kuna siku nataka kupiga kelele kwenye ngazi za ploti. Na kuna hatari nyingine, ya chini kwa chini: unaweza kuanza kuonja utamu wa kudharauliwa, kuwatazama watu na kujiambia laiti wangejua. Hiyo nayo ni kamera, ila umeielekeza ndani.

Kipande kimoja cha historia ya Booster kinanisaidia hapo. Rip Hunter anamruhusu arudi nyuma kujaribu kumzuia Joker asimpige risasi Barbara Gordon, binti wa mkuu wa polisi. Anarudi, anapigwa vibaya, anashindwa. Anarudi tena. Na tena. Kila mara Barbara anapigwa risasi. Mwishowe Rip anamwambia ukweli: kuna nyakati ambazo haziwezi kubadilishwa, na alitaka ajifunze hilo. Kwa hesabu ya kamera, hakuna kilichotokea. Kwa hesabu ya matokeo pia, sifuri. Barbara bado yuko kwenye kiti cha magurudumu. Hata hivyo mimi nikimsoma hapo ndipo ninapomwamini kwa mara ya kwanza. Aliyekuja kutafuta jina ameendelea kupigwa mahali ambapo hapakuwa na jina wala ushindi.

Na hakuwa peke yake kabisa. Skeets alijua. Rip alijua, na mwaka wa 2008 wasomaji wakafunuliwa kwamba Rip ni mwana wa Booster mwenyewe, aliyelelewa na baba ambaye ulimwengu ulimwita mjinga. Nadhani wazee walikosa kuongeza neno hapa. Nenda zako, sawa, lakini usiende bila hata mtu mmoja anayejua. Asiye na shahidi yeyote huanza kujidanganya, ama kwamba yeye ni bure, ama kwamba yeye ni malaika.

Mamangu anajua karo inatoka wapi. Jirani akimwambia kijana wako bado yuko tu nyumbani, yeye hujibu, "Ehe, bado yuko," halafu anaendelea kuchambua sukuma. Anatosha.