Ujira na Urafiki

Mtu anapoajiriwa huuza kitu na hubakiza kitu. Huuza saa zake, nguvu zake na ujuzi wake. Hubakiza nafsi yake. Mapatano haya yana umri mkubwa kuliko ofisi na viwanda. Mchungaji aliyechunga ngamia wa mtu mwingine kwa ujira alijua kuwa jua likichwa ngamia sharti wawe salama zizini. Alijua pia kuwa kazi ikisha kufungwa, ni juu yake kuchagua aote moto wa nani na azungumze na nani. Ujira ulilipwa kwa ajili ya ngamia. Mazungumzo hayakuwa na bei.

Siku hizi mpaka baina ya kilichouzwa na kilichobakizwa umefifia. Zamani mwajiri aliyetaka kuwajua marafiki wa mtumishi wake alihitaji kumfuata njiani, na kazi hiyo ingalimwaibisha. Leo majina ya marafiki yameorodheshwa katika kurasa za Facebook, na maneno ya jioni husomeka asubuhi. Mwajiri hufungua simu akaona nani kapiga picha na nani, nani kasifu maneno ya nani, nani yumo katika kundi gani. Hivyo swali limezaliwa: je, mwajiri ana haki ya kuzichungulia kurasa hizo, na kumwamuru mtumishi avunje urafiki huu na ajitoe katika kundi lile?

Usidhani, msomaji, kuwa swali hili ni la miji mikubwa ya ng'ambo. Utazame mji wa Isiolo, ulio katika njia kuu itokayo Nairobi kwenda Moyale. Hapo Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana sokoni na kazini. Mwalimu, muuguzi, karani wa benki na mgawaji wa chakula cha msaada kila mmoja ana simu, na ndani ya simu hiyo mna makundi ya WhatsApp: kundi la ukoo linalochanga fedha za mazishi na matibabu, kundi la waliosoma pamoja, kundi la kupashana habari za mvua, malisho na bei ya mbuzi. Kwa mtu ambaye ndugu yake amehamia mbali na mifugo, kundi hilo ndilo baraza la nyumba yao. Kumwambia ajitoe ni sawa na kumwambia asihudhurie matanga ya baba yake.

Lakini haki haipimwi kwa mzani wenye kitanga kimoja. Mwajiri naye ana hoja, na baadhi ya hoja zake ni nzito. Tuseme lori la chakula litapita kesho katika njia yenye hatari, na mtumishi mmoja akaitangaza saa ya safari katika kundi la ukoo wake. Hapo anaweza kuwaponza dereva na wenye njaa pamoja. Tuseme muuguzi akaandika ugonjwa wa mtu katika kundi la marafiki. Huyo hakutoa siri yake. Ameiba siri ya mwingine. Tuseme mtumishi wa umma akasambaza maneno ya chuki juu ya kabila la jirani, katika nchi iliyoona damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na ambayo mwaka 2008 ilitunga sheria ya utangamano wa kitaifa inayokataza uchochezi wa namna hiyo. Wa kabila lile watakwenda kwake kwa imani gani kutaka huduma? Katika mambo hayo mwajiri akikataza, hakosei. Ameshika kilicho chake: kazi, amana ya kazi, na heshima ya kazi.

Basi ubaya unaanzia wapi? Unaanzia pale mwajiri anapotoka katika tendo akaingia katika ushirika; pale asiposema tena, "Usitoe siri hii," bali anaposema, "Usiwe rafiki wa mtu yule." Neno la kwanza linalinda kazi. Neno la pili linamiliki mtu.

Nchi ya Kenya ina sababu ya kuijua tofauti hii kwa uchungu. Sheria iliyotungwa mwaka 1915, na kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande. Kilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, waajiri wake na ujira wake, nayo ilitiwa katika kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtumishi hakuweza kupata kazi kwingine. Akiondoka alitafutwa kama mhalifu. Uzito wa kikopo ulikuwa mdogo. Kilichoelemea ni kwamba maisha ya mtu yalining'inia mahali ambapo bwana wake aliweza kuyasoma na kuyaandika.

Miongoni mwa waliokipinga kipande alikuwa Harry Thuku, mpiga simu katika ofisi ya hazina ya serikali mjini Nairobi. Mwaka 1921 aliongoza chama kilichowaunganisha Waafrika wa makabila mbalimbali, na akafanya urafiki na Wahindi waliodai haki zao. Serikali iliyomwajiri haikupendezwa na ushirika huo. Thuku alipoteza kazi yake. Kisha Machi 1922 alikamatwa, akahamishwa bila ya kuhukumiwa mahakamani, na sehemu ya uhamisho wake aliikaa Marsabit, kaskazini ya Isiolo. Hakushtakiwa kuwa alipiga simu vibaya. Kosa lake lilikuwa watu aliokaa nao.

Isiolo yenyewe inajua maana ya kizuizi. Katika enzi ya ukoloni nchi ya kaskazini ilifungwa kwa sheria, mtu hakuingia bila ya ruhusa, na Isiolo ulikuwa mlango wake. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1963 sheria za hali ya hatari zilidumu huko miaka mingi. Watu wa kaskazini waliovuka mlango huo kwenda kusini walisema kuwa wanakwenda Kenya, kana kwamba walikotoka si Kenya. Kizuizi cha njiani kiliwatenga watu hata wakawa wageni katika nchi moja. Kizuizi cha ndani ya simu kinaweza kufanya vivyo hivyo. Katika mji wa makabila mengi, urafiki wa mtu na mtu ni uzi unaoshona amani, na anayeukata kwa amri ya ofisi hajui ni nguo gani anaipasua.

Sheria za leo zimeuona ukweli huu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kuwa kila mtu ana haki ya faragha: habari za jamaa yake na mambo yake ya siri zisitakwe bila ya lazima, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Inampa pia uhuru wa kushirikiana na watu, na kutolazimishwa kujiunga na ushirika asioutaka. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inaamuru kuwa akusanyaye habari hizo awe na sababu ya haki iliyo wazi, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Huko Ulaya, mhandisi mmoja wa Romania alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kuyasoma maneno aliyoandikiana na ndugu yake na mchumba wake. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa haki yake haikulindwa, na kuwa amri za mwajiri haziwezi kuyafuta kabisa maisha ya mtu ya faragha kazini.

Yuko atakayesema, "Asiye na kosa hana cha kuficha." Mjibu hivi: kila nyumba ina mlango, na wengi wa wanaofunga milango yao usiku si wezi. Mwingine atasema, "Mtumishi alikubali mwenyewe alipotia sahihi." Mwulize kama alikuwa na kazi ya pili ya kuchagua. Mahali penye kazi chache na ukame wa mara kwa mara, sahihi ya mwenye njaa huandikwa na njaa yake. Tena siku ujira utakapokoma, ofisi haitamlisha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na rafiki huyo ndiye ambaye mtumishi ametakiwa amtupe siku ya neema.

Kijana usomaye, kesho utaajiriwa, na huenda keshokutwa ukaajiri. Ukiwa mtumishi, itunze siri ya kazi kama unavyotunza amana ya yatima. Usiseme kwa jina la mwajiri usilotumwa. Usiandike usiku neno ambalo mchana lingekuaibisha mbele ya jirani yako. Ukiwa mwajiri, kabla ya kukataza jiulize maswali manne: Kuna dhara gani la kweli kwa kazi? Je, mtumishi aliambiwa mapema? Je, amri hii ni sawa kwa wote, au ni kwa watu wa ukoo mmoja? Je, hakuna njia ndogo zaidi ya kuliepusha dhara hilo? Maswali hayo yakikosa majibu, funga kinywa chako na ufumbe jicho lako.

Mlipe mtu kwa kazi yake, umdai kazi yake, umkemee kwa kazi yake. Marafiki zake hukuwanunua, kwa kuwa yeye hakuwauza.