Mdhamini ni Mdaiwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, liko jambo lililoenea katika miji yetu, tangu Ukunda na Diani hata Msambweni na Vanga, nalo twalichukulia kwa wepesi kama kuitika salamu. Nalo ni kumtilia mtu sahihi ya dhamana katika mkopo. Huja jirani baada ya Alasiri na karatasi mkononi, akasema: "Ndugu yangu, nitilie sahihi tu, ni desturi yao, pesa nitalipa mwenyewe." Nasi kwa kuoneana muhali hushika kalamu, hatukusoma, hatukuuliza, wala hatukushauriana na watu wa nyumbani.

Dhamana yenyewe si jambo baya. Katika Sura ya Yusuf, aya ya 72, ametajwa aliyenadi kwamba mwenye kukileta kikombe cha mfalme atapewa shehena ya ngamia, naye akajifanya mdhamini wa ahadi hiyo. Na amepokea Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu wala hakuacha cha kulilipa, akawaambia sahaba wamsalie wao. Hapo Abu Qatada akalichukua deni lile juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Na katika riwaya ya Jabir, Mtume aliendelea kumwuliza Abu Qatada habari ya deni hata alipojua limekwisha lipwa. Basi tazameni: ahadi ilikuwa ni fadhila, lakini haikuachiwa kuwa maneno matupu.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuifuatayo wengi wetu pwani hii, mwenye kudai ana hiari: akitaka atamdai mkopaji, akitaka atamdai mdhamini. Halazimiki kumaliza na wa kwanza kabla ya kumwendea wa pili. Na aliyedhamini kwa idhini ya mdaiwa, akilipa, ana haki ya kurejeshewa. Ama aliyejitia na akalipa bila ya kuombwa, hana la kumdai.

Na sheria ya nchi nayo si mbali na hapo. Katika Kenya, mtu hashtakiwi kwa deni alilomdhamini mwenziwe ila iwepo hati yenye sahihi yake. Basi sahihi ile si desturi tu, bali ndiyo kamba yenyewe. Katika vyama vya akiba na mikopo, akiba ya mdhamini huzuiwa hata mkopo uishe. Na aliyeweka rehani hati ya kiwanja chake aweza kukiona kikinadiwa. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka mke au mume akubali kwanza, ikiwa kinachowekwa rehani ni nyumba wanayokaa. Basi mwanamke anayeuliza habari za karatasi hamkosei adabu mumewe. Aitetea haki yake na paa la watoto wake.

Watu wengine husema: "Huyu ana mshahara, sina hofu." Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, hoteli za Diani zilifungwa na wafanyakazi wakarudi majumbani. Na mwezi wa Desemba 2024, machimbo ya madini ya titani hapa Kwale yalikoma baada ya mchanga wake kwisha. Watu hao hawakuwa wezi wala walaghai; riziki ilikatika tu. Lakini mshahara hukoma, na deni halikomi. Aliyedhamini uaminifu wa mtu, kumbe amedhamini pia afya yake, kazi yake na umri wake.

Na liko kubwa kuliko hayo. Mkopo ukiwa wa riba, mdhamini hawezi kusema kwamba yeye hali wala halipi. Mtume (S.A.W.) amemlaani mla riba na mwenye kuilipa, na mwandishi wake na mashahidi wake; basi je, yule ambaye bila ya sahihi yake mkopo usingetoka? Na ubaya huzidi pale mkopo unapokuwa wa kufanyia harusi ya fahari ya siku tatu, kisha deni likakaa miaka mitatu.

Basi yatupasa haya. Soma karatasi, na usiyejua kusoma tafuta mwaminifu akusomee. Uliza kiasi cha deni, muda wake, na kama lina riba. Usidhamini ila kiasi ambacho ungeweza kukilipa pasi na kuwanyima wanao chakula. Andikianeni wewe na mkopaji kwa mashahidi kwamba umedhamini kwa idhini yake. Na ukiwa huwezi, sema huwezi, kisha mpe ulichonacho, japo kidogo, kiwe sadaka au mkopo mwema. Kukataa kwa ukweli kwaudhi siku moja; kukubali kwa muhali huvunja udugu wa miaka.

Nawe mkopaji, mche Mungu. Aliyekutilia sahihi amekupa nyumba yake uishike. Ukipatwa na dhiki mwambie mapema, usimkimbie njiani. Na mwenye kudai akumbuke aya ya 280 ya Sura ya Baqara, inayoamrisha aliye katika dhiki angojwe hata apate wasaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu na atuepushe na riba na aibu ya muhali. Amin.