Kiingereza cha Bubu

Mwanafunzi wa sekondari ya juu nchini China hukutana na Kiingereza asubuhi na mapema, katika kipindi kiitwacho zaodu, yaani usomaji wa asubuhi, ambapo darasa zima husoma kwa sauti, kila mmoja na ukurasa wake, hata chumba kikavuma kama mzinga wa nyuki. Ajabu ni kwamba kelele zote hizo zimeshindwa kuondoa kile ambacho Wachina wenyewe hukiita yaba yingyu, Kiingereza cha bubu, yaani lugha ambayo mtu huisoma na kuiandika lakini hawezi kuizungumza. Chanzo chake si uvivu: katika gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanywa kila Juni, Kiingereza kwa kawaida hubeba alama 150 kati ya 750, nazo nyingi hutokana na kusoma na kuandika. Ndiyo maana kona ya Kiingereza, yaani baraza la wanaojizoeza kuzungumza, kama lile la Bustani ya Watu mjini Shanghai, ina faida ambayo kitabu hakina, kwani hapo kosa halipunguzi alama, na aliyesahau neno hulizungukia kwa maneno mengine hadi aeleweke.